Mfadhili anataka tufundishe watu 240 kwa mwaka, mwalimu wetu anasema haiwezekani

Shikamoo Mshauri,

Naratibu asasi ndogo ya hisani inayofundisha ufinyanzi wa asili, ule wa kufinyanga kwa mkono bila gurudumu na kuchoma kwa kuni. Mwalimu wetu ni mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bibi. Ujuzi wake aliurithi kwa mama yake, na kwa kadiri tunavyojua hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kufinyanga mitungi mikubwa kama yake ikatoka jokoni mizima. Tuna wanagenzi 11. Wanne kati yao wameshaweza kupanga joko na kulichoma wenyewe. Saba bado wanashikwa mkono.

Miaka yote tumeishi kwa michango ya watu wema na mauzo ya vyungu. Tumekuwa tukiomba ruzuku na kukataliwa. Kwanza tuliomba fedha za jengo, halafu za maonyesho na tovuti, halafu za tanuri la umeme. Majibu yalikuwa mafupi, mengine hayakuja kabisa.

Sasa mfadhili mmoja amekubali. Fedha anazotoa ni karibu mara nne ya bajeti yetu ya mwaka, na siku barua ilipofika baadhi yetu tulilia kwa furaha. Tulipoletewa rasimu ya mkataba ndipo mambo yalipogeuka. Anataka tufundishe watu 240 ndani ya miezi 12, kwa kozi za wiki mbili mbili, kila kozi watu 10, na kila mmoja apewe cheti. Bajeti ina fedha za viti, kompyuta, fulana, kamera na sherehe ya kufunga mradi. Muda wa Bibi umeandikwa kama “mchango wa jamii”, yaani hatalipwa. Hakuna hata senti ya gharama za uendeshaji. Asilimia 20 ya fedha italipwa baada ya ripoti ya mwisho kupokelewa. Na kifungu kimoja kinasema video na picha zote za mafunzo zitakuwa mali ya mfadhili.

Bibi alisomewa mkataba akanyamaza, kisha akasema: “Mimi sijui kumfundisha mtu chungu kwa wiki mbili. Kama mnamjua anayeweza, mwiteni.” Tangu hapo anakuja kazini, anafundisha, lakini habari ya mradi hataki kuisikia.

Mhazini wetu kwa upande wake anasema tukikataa hii hatutapata nyingine, na kwamba hesabu zetu haziwezi kutufikisha mwisho wa mwaka ujao. Hasemi uongo, daftari nimeliona. Kamati imegawanyika katikati na wote wananitazama mimi. Tumepewa wiki tatu kusaini.

Naogopa kuwa mratibu aliyekataa fedha na kuifunga asasi. Naogopa vilevile kuwa mratibu aliyesaini na kumpoteza Bibi. Nifanyeje?

Mratibu aliye njia panda

*

Marahaba, mwanangu.

Usisaini mkataba huo ulivyo, na pia usiukatae. Wiki tatu ulizopewa ni za kuzungumza. Watu wengi wanaopata ruzuku kwa mara ya kwanza hudhani rasimu ikishafika imefika, kazi iliyobaki ni sahihi. Rasimu ni rasimu. Afisa miradi aliyeiandika huenda hajawahi kukaa karibu na joko, na hesabu ya watu 240 inaelekea aliitoa kwenye mradi wa aina nyingine, wa ushonaji wa cherehani au wa kompyuta, ambako wiki mbili zinamtosha mtu kuanza. Kazi yako wiki hii ni kumwonyesha kwa nini kwenu hazitoshi, kwa lugha ambayo yeye ataweza kuipeleka kwa wakubwa wake.

Tuanze na hesabu. Watu 240 kwa makundi ya 10 ni kozi 24. Kila kozi wiki mbili, jumla wiki 48. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo mkataba huu unamtaka mama mtu mzima asimame mbele ya wageni wiki 48 katika 52, bila malipo. Na hapo bado hatujauliza swali kubwa zaidi, ambalo sikuliona katika barua yako: wale wanagenzi saba ambao bado wanashikwa mkono, atawashika nani? Mradi huu hautawaongezea kitu. Utawanyang'anya mwalimu. Mwaka ukiisha mtakuwa na vyeti 240 na mafundi walewale wanne. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumwambia mfadhili, na mwambie hivyohivyo, kwa tarakimu. Nina hakika hakulikusudia.

Jambo la pili ni udongo wenyewe. Chungu cha wastani kikianikwa kivulini, jinsi inavyotakiwa ili kisipasuke, huchukua wiki moja hadi mbili kukauka, na mtungi mnene huchukua zaidi. Kisha lazima vyungu vikusanyike vya kutosha ndipo joko lipangwe. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa wiki mbili ataondoka na cheti chake kabla hajaona moto ukigusa chungu chake. Atakuwa amejifunza kukanda na kukunja kingo. Lakini kazi ya mfinyanzi inapimwa jokoni. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakipita nyuzi 100 hugeuka mvuke, na chungu hulipuka. Kwenye nyuzi 573 hivi chembe za kwazi (madini ya mchanga, kwa Kiingereza quartz) zilizomo katika udongo hubadili umbo ghafla, kwa hiyo moto ukipandishwa kwa pupa, au joko likifunguliwa mapema, chungu kilichoonekana salama hupata ufa. Bibi hana kipimajoto. Nina hakika umemwona akiinua chungu kikavu na kukiweka shavuni kabla hajakiruhusu kuingia jokoni: kikiwa na ubaridi, bado kina maji, kinarudi kivulini. Na baada ya kuchoma hukigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza, kizima kinalia, chenye ufa kinakoroma. Shavu hilo na sikio hilo ndivyo mnavyofundisha. Mtu hawezi kuvipata kwa kuona mara moja. Anahitaji kuharibu vyungu vyake, akaambiwa kwa nini vimeharibika, akaharibu tena vichache zaidi.

Ukimweleza afisa miradi haya ataelewa, maana ni mambo ya kushikika. Ukimwambia “ujuzi wa asili unahitaji muda” atatikisa kichwa na kukurudishia rasimu ileile.

Na usiogope kwamba unaomba jambo la ajabu. Serikali tajiri zilishafika huko zamani. Japani ilitunga sheria yake ya kulinda urithi wa kitamaduni mwaka 1950, na tangu katikati ya muongo huo imekuwa ikiwatambua rasmi mabingwa wa sanaa na ufundi, wale wanaoitwa na watu hazina hai za taifa. Kila mmoja hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze ujuzi na kuandaa warithi. Fedha inakwenda kwa mtu mwenye mikono, na mfinyanzi ni miongoni mwao. Ufaransa ilianzisha mwaka 1994 cheo cha fundi bingwa ambaye hupewa posho ili amfundishe mwanagenzi, na muda uliowekwa ni miaka mitatu. Mwanagenzi mmoja, miaka mitatu. Weka mifano hii miwili katika barua yako, aya moja tu, karibu na hesabu ya wiki 48. Mfadhili hupenda kujua kwamba hatakuwa wa kwanza.

Sasa, nini cha kupendekeza badala yake? Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi, kwa sababu mfadhili naye ana shida yake. Lazima aripoti idadi kwa waliompa fedha. Ukimpelekea watu saba peke yao, hata kama ana moyo mzuri, atashindwa kulitetea ombi lenu mezani. Mna wanagenzi wanne wanaoweza kuchoma joko. Hao wapewe kozi fupi. Waendeshe kozi chache, tuseme nane kwa mwaka, za watu 10 kila moja, na ziitwe kwa jina lake halisi: kozi za utangulizi. Wanaohudhuria wapate barua ya ushiriki, isiwe cheti cha ufundi. Wanne hao walipwe kama walimu. Watajifunza kufundisha, jambo ambalo mtalihitaji sana siku Bibi atakapopumzika, na katika watu 80 watakaopita watapatikana wawili watatu wenye mkono na subira, ambao watakuwa wanagenzi wa kesho. Bibi abaki na wale saba, kwa miezi 18 au 24 badala ya 12, na awe anawakagua wale wanne anapotaka mwenyewe. Kwa mpango huo mfadhili anapata idadi ya kuandika, nanyi mnapata mafundi.

Halafu mpe kipimo kilicho bora kuliko vyeti. Wekeni daftari la joko. Kila mnapochoma, andikeni nani alipanga, nani alichoma, vyungu vingapi viliingia na vingapi vilitoka vizima. Anzeni wiki hii, kabla ya mkataba wowote, ili muwe na hali ya mwanzo ya kulinganisha. Mfadhili akisoma katika ripoti kwamba mwanagenzi fulani alianza mwaka akitoa vizima nusu ya alivyoingiza, na sasa anatoa tisa katika kila kumi, hahitaji kuelezwa tena kwamba fedha yake imefanya kazi. Hicho ni kiashiria cha kweli, hakigharimu kitu, na Bibi mwenyewe ataona kina maana.

Nije kwenye bajeti, maana nadhani hapo ndipo tatizo lenu lilipoanzia, tangu maombi yale yaliyokataliwa. Angalia mlichokuwa mnaomba: jengo, maonyesho, tovuti, tanuri la umeme kwa ajili ya ufinyanzi wa kuni. Kila mara mmeomba vitu vinavyouzunguka ufundi, na ufundishaji wenyewe haukuwa na mstari hata mmoja katika bajeti. Mfadhili anayesoma maombi mengi hufanya jambo moja rahisi: anasoma lengo kwenye ukurasa wa kwanza, anafunua bajeti, anatazama kama fedha zinakwenda kwenye lengo hilo. Lengo likisema “kurithisha ujuzi” na bajeti ikasema “mabati na saruji”, ombi limeanguka. Rasimu mliyopewa sasa ina ugonjwa uleule, ila safari hii umeandikwa na mfadhili mwenyewe: viti, fulana na sherehe. Ningefuta fulana leo hii.

Mstari wa kwanza wa bajeti mpya uwe malipo ya Bibi. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, na inaniuma kuona asasi iliyoundwa kumuenzi mfinyanzi ikiuendeleza msemo huo kwa maandishi. Sijui kama wewe mratibu unalipwa. Kama unalipwa hata posho, basi Bibi alipwe kabla yako na asilipwe pungufu yako. Mfadhili akisisitiza kwamba lazima jamii ichangie sehemu yake, muorodheshee mahali mnapofanyia kazi, zana zenu, vikao vya kamati, kuni mnazopewa na majirani. Wafadhili wengi hukubali mchango usio wa fedha ilimradi uwe na thamani iliyokadiriwa na kumbukumbu. Muda wa mtu ambaye mradi mzima unamtegemea usiwe humo.

Mstari wa pili uwe posho ya wanagenzi. Hili asasi nyingi hulisahau, kisha hushangaa kwa nini vijana wazuri huacha katikati. Mtu anayejifunza kwa miaka anakula kila siku, na mara nyingi ana wanaomtegemea. Bila posho, hata ndogo, wanaobaki ni wale tu ambao nyumbani kwao kuna uwezo, nao si lazima wawe ndio wenye mkono.

Wa tatu ni udongo, kuni na hasara. Andika neno hasara bila kuona haya: vyungu vitakavyovunjika ni sehemu ya mafunzo, na bajeti inayodhani kila chungu kitatoka kizima imeandikwa na asiyejua kazi. Baada ya hapo ndipo zije zana, usafiri na vinginevyo. Kamera moja inatosha.

Kuhusu gharama za uendeshaji, ombeni bila kusitasita. Kodi ya mahali, umeme, ukaguzi wa hesabu, muda wako wa kuandika ripoti, hivyo vyote mradi utavitumia, na kama mradi hauvilipi vitalipwa na mauzo ya vyungu, yaani na jasho la Bibi tena. Wafadhili wakubwa wanalijua hili. Umoja wa Ulaya, katika ruzuku zake za nje, huruhusu gharama zisizo za moja kwa moja, yaani hizi za uendeshaji, hadi asilimia 7. Serikali ya Marekani iliinua kiwango chake cha msingi, kwa wasio na kiwango walichokubaliana nayo, kutoka asilimia 10 hadi 15 mwaka 2024. Taasisi binafsi hutofautiana, zipo zinazotoa zaidi na zipo zisizotoa. Mkiomba asilimia 10 hakuna atakayeshtuka.

Ile asilimia 20 ya mwisho ndiyo inayonitia hofu kuliko kifungu kingine chochote, na ningependa mhazini wako aisome aya hii. Fedha inayolipwa baada ya ripoti ya mwisho ni fedha ambayo ninyi mtakuwa mmeshaitumia. Kazi itakuwa imefanyika, walimu wameshadai, kuni zimeshateketea. Mtaikopa wapi? Asasi yenye akiba hujikopesha yenyewe na kusubiri. Asasi isiyo na akiba hukopa kwa wauzaji, au huwachelewesha watu malipo yao, na hivyo ndivyo ruzuku kubwa inavyoweza kuiangusha asasi iliyokuwa ikisimama kwa shida lakini imesimama. Kwa hiyo mhazini, ambaye ana haki kabisa ya kuogopa mwaka ujao, aulize maswali mawili: mradi huu utatuachia nini siku ya mwisho, na katika mwezi upi fedha taslimu zitakuwa chini kabisa? Achore jedwali la mwezi kwa mwezi, fedha inayoingia na inayotoka. Kisha ombeni mambo mawili. Asilimia ya mwisho ishuke hadi 10 au 5, na malipo yafuate awamu fupi, kila baada ya miezi minne kwa mfano, kwa ripoti fupi. Mfadhili anayeogopa kupoteza fedha hupenda awamu fupi, maana naye anaona mapema kama mambo yanakwenda mrama. Kama fedha ya ruzuku ni ya nchi nyingine, muandike pia nani atabeba hasara ya kubadilisha ikishuka thamani.

Kifungu cha video kibadilishwe. Hili halina majadiliano. Mpeni mfadhili ruhusa ya kutumia picha na video katika ripoti na matangazo yake, kwa muda na kwa matumizi yaliyotajwa, umiliki ubaki kwenu. Na kabla kamera haijawashwa, Bibi aseme nini kinaruhusiwa kuonekana. Mahali udongo unapochimbwa, kiasi cha mchanga au vigae vilivyosagwa anachochanganya, huenda hataki vizagae, na ana haki hiyo. Mwaka 2015 kamati ya mkataba wa UNESCO kuhusu urithi wa kitamaduni usioshikika ilipitisha misingi 12 ya maadili, na miongoni mwake ni kwamba wenye urithi watoe ridhaa kwa hiari, mapema, na wakiwa wameelezwa kila kitu. Mfadhili anayejali jina lake hatabishana na hilo.

Nimesema Bibi aseme, na hapa nina neno kwako peke yako. Kwa nini Bibi alisomewa mkataba baada ya kila kitu kuandikwa? Kama angekuwepo siku andiko la mradi lilipotungwa, hesabu ya wiki mbili ingekufa palepale. Nenda kwake kabla hujamwandikia mfadhili. Usiende na karatasi. Muulize anahitaji muda gani na mwanagenzi mmoja hadi amwachie joko, ni wakati gani wa mwaka haufai kuchoma, angetaka nani katika wale wanne amsaidie kufundisha, na yeye mwenyewe anataka kufanya kazi siku ngapi kwa wiki. Atakayokujibu ndiyo ratiba ya mradi. Ukirudi kwenye kamati na ratiba yenye sauti yake, ule mgawanyiko utapungua sana, maana nusu ya kamati inamtetea Bibi na nusu inatetea mkate, na kwa mpango huu hawana sababu ya kugombana.

Kisha mwandikie afisa miradi barua ya kurasa mbili, si zaidi. Mshukuru, mweleze hesabu ya wiki 48, mweleze kukauka kwa udongo, pendekeza mpango wa wanne na saba, ambatisha bajeti mpya. Omba kikao, na omba kifanyike hapo mnapofanyia kazi, siku mnayofungua joko. Kama yuko mbali, mpigie kwa video siku hiyohiyo. Na omba tarehe ya kusaini isogezwe kwa mwezi mmoja. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mfadhili aliyeshatenga fedha naye hataki kuanza upya kutafuta wa kumpa.

Inawezekana atakataa yote. Katika hali hiyo, kuna mambo mawili ambayo mimi nisingeyavumilia: Bibi kutolipwa, na video kuwa mali ya mtu mwingine. Akigoma hapo, msisaini, hata kama mhazini atanikasirikia. Mengine, kama idadi ya watu, au muda wa miezi 12, au asilimia ya mwisho, mnaweza kukutana katikati, ilimradi jedwali la mwezi kwa mwezi lionyeshe hamtaishiwa.

Wala si kweli kwamba hamtapata nyingine. Mlikuwa mnakataliwa mkiomba jengo. Hamjawahi kuomba mafunzo. Bajeti hii mpya ikishakamilika ni andiko la mradi tayari, na mnaweza kulipeleka kwingine hata huyu akikubali. Ila chagueni mlango unaolingana na mnachotaka. Mradi wa Endangered Material Knowledge Programme wa makumbusho ya British Museum, ulioanza 2018 kwa fedha za mfuko wa Arcadia, hulipia kurekodi maarifa ya ufundi unaotoweka na kuyaweka wazi kwa watu wote, kwa hiyo haufai kama Bibi hataki siri zake zitoke, na haulipii kuendesha darasa. Mkataba wa UNESCO wa 2003, uleule wa urithi usioshikika, unautaja ufundi wa asili miongoni mwa nyanja zake tano, na una mfuko wake. Maombi hadi dola 100,000 hushughulikiwa kwa njia fupi kuliko makubwa zaidi, lakini anayeomba ni serikali ya nchi iliyoridhia mkataba. Asasi haiombi yenyewe, ingawa inaweza kuwa mtekelezaji. Basi tafuteni ofisi ya serikali inayosimamia utamaduni, jitambulisheni sasa, mpelekeeni nakala ya daftari la joko likishakuwa na kurasa chache. Hizo ni safari ndefu, za mwaka na zaidi, ndiyo maana zianze mapema.

Milango ya karibu zaidi mara nyingi haina neno utamaduni juu yake. Wapo wafadhili wa ajira kwa vijana, wa elimu ya ufundi, wa kipato cha wanawake. Kazi yenu ni ileile. Kwa huyu wa ajira utaanza na wanne wanaolipwa kufundisha na kuuza, kwa huyu wa elimu utaanza na miezi 18 ya uanagenzi na daftari. Hapo hudanganyi mtu, unamwonyesha upande unaomhusu. Ukijikuta unabadilisha kazi yenyewe ili ifanane na fomu, kama mlivyokaribia kufanya na tanuri la umeme, simama na umuulize Bibi.

Na fedha yoyote ya mauzo ya vyungu itakayobaki mradi ukiendelea, mhazini aitenge kando kama akiba, hata kidogo kidogo, hadi ifike gharama za miezi mitatu. Fedha ya ruzuku ina masharti, haiwezi kugeuzwa akiba. Ya vyungu ni yenu.

Nitumie bajeti mpya kabla hujaipeleka, pamoja na jedwali la mhazini. Nitakujibu kwa barua, nje ya safu hii.